Maswali ya Wasomaji: Je, Kituo cha Ufundi Kinaweza Kumfikisha Kijana kwenye Uhandisi?

Tangu matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, yatangazwe, barua nyingi zinazofika kwenye meza yetu hapa Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kijana aliyemaliza shule, anayependa mashine au umeme, lakini ambaye familia yake haiwezi kumlipia chuo kikuu kwa sasa, anaweza kuanzia kwenye kituo cha ufundi na hatimaye kuwa mhandisi? Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba maswali ya wengine wengi ambao barua zao hatukuweza kuzichapa.

Breveti ya miezi tisa inanifanya mhandisi?

*Bwana Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni kijana wa Katuba, nimepata Diploma ya Serikali mwaka huu katika mkondo wa ualimu. Tangu nikiwa mdogo napenda kazi ya umeme, na jirani zetu huniita wanapopata shida ya swichi au taa. Baba yetu amestaafu na bado tuko wengi nyumbani, kwa hiyo chuo kikuu hakiwezekani sasa. Kuna kituo kinachofundisha umeme wa viwandani kwa miezi tisa na kutoa breveti, yaani cheti cha kazi. Rafiki yangu anasema nikimaliza nitakuwa mhandisi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema nitabaki fundi wa pasi maisha yangu yote. Nani kati yao anasema kweli?*

Mwanangu, hakuna kati yao aliye na kweli yote, na ni vizuri uelewe sababu kabla hujalipa hata faranga moja.

Katika kazi za viwandani kuna ngazi tatu ambazo watu huzichanganya mno. Kuna fundi, ambaye anafunga, anafungua na kutengeneza. Kuna fundi sanifu, anayesoma michoro, anayepima, anayetafuta chanzo cha hitilafu na kusimamia mafundi. Na kuna mhandisi, anayekokotoa na kubuni, ambaye ndiye huwajibika pale mtambo alioupanga unaposhindwa. Tofauti hizi hazikubuniwa na watu wenye majivuno. Kimataifa ziliwekewa mikataba ya kutambuana vyeti: Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 kwa wahandisi, wa Sydney wa mwaka 2001 kwa wanateknolojia wa uhandisi walio katikati, na wa Dublin wa mwaka 2002 kwa mafundi sanifu. Nchi yetu haimo katika mikataba hiyo, lakini kampuni zinazochimba shaba na kobalti kuanzia hapa hadi Kolwezi huajiri kwa kufuata ngazi za namna hiyo, na mshahara hufuata ngazi.

Breveti ya miezi tisa inakuweka kwenye ngazi ya kwanza. Inamwambia mwajiri kwamba umefundishwa kazi fulani na umeonyesha kwamba unaiweza. Haikupi cheo cha kitaaluma, na chuo kikuu hakitakupokea kwa breveti hiyo peke yake. Kituo chochote kinachokuahidi kwamba baada ya miezi tisa utaitwa mhandisi kinakudanganya, na ahadi hiyo peke yake yatosha kukufanya utafute kituo kingine.

Hata hivyo yaya yako naye amekosea, kwa sababu amesahau karatasi uliyo nayo tayari. Mlango wa elimu ya juu katika Kongo unafunguliwa na Diploma ya Serikali, nayo haina tarehe ya mwisho. Kijana anayeingia kituoni akiwa na diploma hiyo mkononi hayuko sawa na yule anayeingia bila hiyo, hata kama wanakaa benchi moja na kushika bisibisi moja. Wewe unaweza kujifunza kazi, ukaajiriwa, ukaweka akiba, kisha ukajiandikisha katika taasisi ya juu ya ufundi ya aina ya ISTA au katika kitivo cha politekniki, yaani cha uhandisi, kama kile cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, mastaa, udaktari) uanze kutumika nchini katika mwaka wa masomo 2021–2022, lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na mastaa ni miaka 2 mingine yenye krediti 120. Njia ni ndefu, lakini inapitika, na kituo cha ufundi kinaweza kuwa sehemu yake halali.

Kikwazo chako kitakuwa hisabati, na hapa naomba unisikilize vizuri. Katika mkondo wa ualimu umesoma saikolojia, mbinu za kufundisha na lugha, lakini hisabati yako ni chache kuliko ya mwenzako aliyetoka mkondo wa sayansi au wa umeme. Vitivo vya politekniki kwa kawaida huwa na mtihani wa kuingia, na hisabati ndiyo inayowaangusha wengi. Ukitumia miaka minne kazini bila kugusa kitabu cha hisabati, siku utakayopata pesa za chuo utagundua kwamba pesa haikuwa shida pekee.

Nikuonyeshe jambo lenyewe kwa karibu, maana maneno matupu hayasaidii. Chukua mota ya umeme wa fezi tatu, ya aina inayoendesha pampu nyingi hapa kwetu. Ubavuni mwake kuna bamba dogo la chuma. Tuseme limeandikwa: 5.5 kW, 380/660 V, 11.5 A, cos φ 0.85, 50 Hz. Fundi mzuri atasoma bamba hilo na kujua mambo ya lazima. Volti 380/660 zinamwambia kwamba kwenye mtandao wetu wa volti 380 koili za mota hii zifungwe kwa pembetatu inapofanya kazi, na kwamba inaweza kuwashwa kwanza kwa nyota kisha ikahamishiwa pembetatu; hizo ni namna mbili za kuunganisha koili zake tatu. Kama bamba lingesema 220/380, angeifunga kwa nyota tu, kwa sababu kuifunga kwa pembetatu kwenye volti 380 ni kuiunguza ndani ya muda mfupi. Ampea 11.5 zinamwambia achague waya wa unene gani na aweke kinga ya mkondo kwenye kiwango kipi. Huo ni ujuzi wa thamani, na karakana ndiyo mahali pa kuupata.

Sasa mhandisi anauliza swali jingine juu ya bamba lilelile. Umeme unaoingia ni mzizi wa pili wa 3, mara 380, mara 11.5, mara 0.85, ambao unatoa karibu wati 6,430. Lakini bamba linaahidi wati 5,500 tu kwenye shafti. Zile wati 930 zimekwenda wapi? Zimekuwa joto kwenye shaba ya koili na kwenye chuma cha kiini, na nyingine zimeliwa na msuguano na feni. Ufanisi wa mota ni kama asilimia 85, na kampuni yenye mota mia mbili zinazozunguka usiku na mchana hulipa joto hilo kila mwezi kwenye ankara ya umeme. Kisha anauliza juu ya ile nyota ya kuwashia. Inapokuwa kwenye nyota, kila koili hupata volti 220 badala ya 380, na mkondo unaovutwa kutoka kwenye mtandao hushuka hadi theluthi moja. Hilo ni zuri kwa transfoma ya mtaa. Ila nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi moja. Pampu ya maji itaanza bila taabu kwa sababu mwanzoni haina mzigo mkubwa, lakini mashine ya kuponda mawe iliyosimama ikiwa imejaa inaweza kukataa kuzunguka kabisa, na fundi asiyejua sababu atabadilisha kontakta (swichi za kuwashia mota) tatu nzima akidhani zimekufa.

Unaona kwamba swali la pili halijibiwi kwa mikono peke yake. Linahitaji pembetatu na kosini, mizizi, vekta, na baadaye namba changamano. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ingia kituoni, na kuanzia wiki hiyohiyo tafuta mwanafunzi wa politekniki au mwalimu wa hisabati wa jioni hapo Katuba, mkubaliane mara mbili kwa wiki. Anza na milinganyo na trigonometria, kisha vekta, kisha utangulizi wa derivativu. Utashangaa jinsi somo lililokuchosha darasani linavyopata maana ukiwa umeshinda mchana kutwa mbele ya mota.

Kuhusu kukichagua kituo chenyewe, usiridhike na bango lililo barabarani. Omba kuona kibali cha serikali. Omba kuingia karakanani wakati wa mafunzo, si wakati wa kuandikisha, uhesabu ni wanafunzi wangapi wanazunguka mota moja. Kama ni ishirini, wawili watafanya kazi na kumi na wanane watatazama. Uliza kama kuna multimeta kwa kila kundi, kama mwalimu amewahi kufanya kazi kiwandani, na nani anatafuta staji, yaani mafunzo ya kazini: kituo au mwanafunzi mwenyewe. Taasisi ya serikali ya maandalizi ya kazi, INPP, iliyoundwa mwaka 1964, ina tawi hapa Lubumbashi, na Wasalesiani wa Don Bosco wana Cité des Jeunes na shule ya ufundi ya Salama. Nenda ukazione hata kama hutajiandikisha huko, ili upate kipimo cha kulinganisha na kile kituo ulichoambiwa.

Mwanangu wa darasa la nane anataka kuacha shule

*Mheshimiwa, mimi ni mama mjane wa Ruashi. Mtoto wangu wa kiume amemaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi na anasema hataki tena shule, anataka kituo cha umakanika wa magari ili apate pesa haraka. Ana mikono mizuri kweli. Nimruhusu?*

Mama, pole kwa kulea peke yako, na hongera kwa kuuliza kabla ya kukubali.

Kama kuna njia yoyote ya kumweka shuleni miaka minne mingine, mweke, lakini umhamishie mkondo wa ufundi. Watu wengi wanadhani kuna shule upande mmoja na karakana upande mwingine, na kwamba mtoto asiyependa kuandika hana mahali shuleni. Si kweli. Shule za sekondari za ufundi zina mikondo ya umakanika, umeme, ujenzi na mingineyo, ambako mtoto anashika spana na faili ya chuma ndani ya ratiba ya shule, na mwishoni anafanya Mtihani wa Serikali pamoja na mtihani wa vitendo mbele ya majaji. Akitoka hapo ana mambo mawili kwa wakati mmoja: kazi anayoiweza, na diploma inayomfungulia elimu ya juu. Akitoka kwenye kituo baada ya darasa la nane ana moja tu, na hilo la pili atalihitaji akiwa na miaka ishirini na tano, wakati ambapo kurudi darasani ni vigumu mara kumi.

Kama ada haipatikani kabisa, kuna mzunguko mfupi wa ufundi ndani ya shule zenyewe, ambao hauongozi moja kwa moja chuo kikuu lakini ni bora kuliko kukaa bure. Gereji ya mtaani iwe chaguo la mwisho, na ukimpeleka huko, kubaliana na mwenye gereji mbele ya mashahidi kwamba mtoto atafundishwa injini, si kuosha vyombo vya mafuta tu kwa miaka miwili. Nasema hivyo kwa sababu tumewaona wengi wa namna hiyo.

Wajomba wanasema makanika si kazi ya msichana

*Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa Kampemba, nimemaliza humanité (sekondari ya juu) ya sayansi na kupata asilimia 63. Nataka umakanika wa viwandani, nianze kituoni kisha niende politekniki. Wajomba wangu wamekataa, wanasema kazi hiyo inahitaji nguvu za mwanaume na hakuna atakayeniajiri. Mama ananiunga mkono kimyakimya.*

Marahaba, binti yangu.

Wajomba wako wanakumbuka umakanika wa zamani, au ule wa gereji isiyo na vifaa, ambako mtu hubeba giaboksi kifuani. Katika kiwanda kinachofuata sheria za usalama hakuna mwanaume wala mwanamke anayeruhusiwa kuinua mzigo wa namna hiyo kwa mikono. Kuna winchi za mnyororo na kreni za juu, na anayejaribu kuonyesha misuli yake anaitwa ofisini.

Kinachohitajika ni usahihi. Waulize wajomba wakueleze jinsi rulimani, yaani beringi, inavyofungwa kwenye shafti ya milimita 50. Kipimo kinachotumika mara nyingi kinaruhusu shafti kuzidi ile milimita 50 kwa mikroni 2 hadi 18 tu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, rulimani itateleza na kula shafti. Ikizidi, itabanwa mpaka ipate moto na kufa. Na haipigwi nyundo iingie: inapashwa moto kwenye kifaa maalumu, kwa kawaida bila kuvuka nyuzi 120 za Selsiasi, ipanuke, kisha inasukumwa mahali pake kwa glavu, nayo inakaza yenyewe inapopoa. Hapo penye kusoma kipimo, kusubiri na kutokuwa na pupa, sijaona kwamba wanaume wanawashinda wanawake.

Asilimia 63 katika sayansi inakupa faida ambayo kijana wa Katuba hana. Kwa sababu hiyo mimi ningekushauri kinyume cha nilivyomshauri yeye: jaribu kwanza mtihani wa politekniki mwaka huu huu, hisabati yako ikiwa bado ya moto, na uende kituoni tu kama hukupita au kama ada imekosekana. Ukienda kituoni, uliza mapema kuhusu vyoo, mahali pa kubadilishia nguo, na kama kuna msichana mwingine aliyemaliza hapo. Ukimpata, zungumza naye kabla ya kuzungumza na mkurugenzi. Kuhusu wajomba, mama yako asiendelee kuwa kimya. Awaalike siku moja waje wasome jibu hili pamoja naye.

Njia ya Dar es Salaam ni bora kuliko yetu?

*Ndugu Mshauri, mjomba wangu anayefanya biashara Dar es Salaam anasema kule mtoto anayemaliza kidato cha nne anaingia moja kwa moja chuo cha ufundi, anasomea uhandisi miaka mitatu na kupata diploma, kisha anaendelea hadi digrii. Anataka nimtume mdogo wangu aliye mwaka wa tatu wa humanité. Je, ni kweli, na inafaa? — Msomaji wa Kamalondo*

Mjomba wako amesema kweli, na mfumo huo unastahili kusifiwa. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ilianza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi, na mwaka 1997 ikapewa hadhi yake ya sasa. Inapokea waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu katika hisabati, fizikia na kemia, inawasomesha miaka 3 kwa stashahada ya kawaida ya uhandisi, yaani ngazi za 4 hadi 6 katika mpangilio wao wa taifa, na anayefanya vizuri anaweza kuendelea na ngazi za 7 na 8 ambazo ni shahada. Chuo cha Ufundi cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, nacho kimejengwa juu ya ngazi hizohizo. Kinachonivutia ni kwamba ngazi zimefungamana: aliyeanza chini anajua ngazi inayofuata na masharti yake. Hapa kwetu breveti na lisansi ziko kama ngazi mbili zilizoegemea kuta tofauti, na kijana inambidi ajitafutie mwenyewe namna ya kuvuka.

Hata hivyo kwa mdogo wako sishauri safari hiyo sasa. Kwanza, masomo ya ufundi kule yanafundishwa kwa Kiingereza, na yeye amesoma fizikia na hisabati kwa Kifaransa. Kiswahili chake kitamsaidia sokoni na bwenini, lakini si kwenye mtihani wa umeme. Pili, vyeti vya nje hulinganishwa kwanza na baraza lao la mitihani, NECTA, na mtu aliyekatisha masomo mwaka wa tatu wa humanité anakwenda kulinganishwa akiwa hana cheti cha mwisho cha mfumo wowote. Amalize mwaka wa nne, apate Diploma ya Serikali, asome Kiingereza jioni kwa mwaka huo mmoja, ndipo mjomba apeleke ombi rasmi chuoni na kupata jibu lao kwa maandishi kabla ya kununua tiketi.

Nafanya kazi mgodini bila karatasi yoyote

*Bwana Mshauri, nina miaka 27, niko Kolwezi lakini familia iko Lubumbashi, nami nasoma gazeti lenu ninaporudi. Nimekuwa msaidizi wa fundi umeme katika kampuni ndogo inayofanya kazi za kandarasi migodini. Niliacha shule mwaka wa pili wa humanité. Nafunga paneli, nasoma michoro kidogo, lakini kila wanapopandisha watu mimi ninaachwa kwa sababu sina diploma. Nimeshachelewa?*

Hujachelewa, ndugu yangu, na huenda una sehemu ngumu tayari, kwa sababu kazi unaijua.

Wengi hawajui kwamba Mtihani wa Serikali hauwahusu wanafunzi waliosajiliwa shuleni peke yao. Sheria zetu zinakubali watahiniwa wa kujisomea, wanaoitwa *autodidactes*, ambao hupita kwanza mtihani wa awali na kisha kufanya mtihani pamoja na wengine wote. Diploma utakayopata inakufungulia elimu ya juu kama ya mtu aliyekaa darasani miaka yote. Nenda kwenye ofisi ya wizara ya elimu ya jimbo, hapo Kolwezi au hapa, uulize tarehe za kujiandikisha, karatasi zinazotakiwa na mikondo inayokubaliwa kwa watahiniwa wa kujisomea. Fanya hivyo mwanzoni mwa mwaka wa shule, kwa sababu uandikishaji hufungwa mapema, na anayekuja mwezi wa tatu huambiwa arudi mwaka unaofuata.

Wakati huohuo usiache breveti ya kituo. Wewe huhitaji kufundishwa kukata waya; tafuta mafunzo mafupi ya kile usichokijua, na kwa mtu wa migodini ningekutajia otomatiki ya viwandani na vidhibiti vya programu, vile ambavyo watu huviita API au PLC kutegemea kama msimamizi wao amesoma kwa Kifaransa au Kiingereza. Paneli unazofunga sasa zinatawaliwa na vifaa hivyo, na fundi anayeweza kuunganisha kompyuta kwenye kidhibiti na kuona ni sensa ipi iliyozuia mkanda kuzunguka huwa hasubiri sana kupandishwa.

Mwombe pia msimamizi wako barua yenye mhuri inayotaja kazi ulizofanya na muda wake, ukiwa bado kazini hapo. Kampuni za kandarasi hufungwa na kubadilisha majina, na mwaka mmoja baadaye hutampata wa kutia sahihi. Itunze pamoja na nakala za michoro ya paneli ulizozifunga wewe mwenyewe, kama kampuni inakuruhusu kuwa nazo. Ukishapata tarehe za uandikishaji, tuandikie tena utuambie mkondo uliouchagua, nasi tutakutajia mada za hisabati na fizikia zinazofaa kuanza nazo.